Kigango cha Mwaringa

Ngumbao hakupiga hodi siku ile. Aliusukuma mlango wa duka kwa bega, kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa imekumbatia mzigo mrefu uliozongwa magunia, akapita moja kwa moja hadi nyuma ya pazia ambako Bi Hafidha alikuwa akisugua birika la shaba kwa ndimu na majivu. Akaulaza mzigo sakafuni taratibu, kama alazwavyo mgonjwa. Kisha akarudi kuufunga mlango wa barabarani, na hapo ndipo alipokumbuka salamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wanifungia duka mchana kweupe, kuna nini?"

"Jua kali, mama."

Jua lilikuwa halijaufikia mlango ule bado. Bi Hafidha aliliweka birika chini, akajifuta mikono kwa ncha ya leso.

Walikuwa wamejuana kwa miaka. Ngumbao alikuwa mtu wa bara, upande wa Ganze, mwembamba, mwenye sauti ya chini na adabu nyingi, ambaye huzunguka vijijini kwa pikipiki akikusanya vitu ambavyo wenyewe wamevichoka: viti vya miguu mitatu, vinu vilivyopasuka, ngoma zilizotoka ngozi. Kwao, alivyosema mwenyewe, walimjua kwa biashara ya mkaa tu, naye alipenda ibaki vivyo hivyo. Bi Hafidha hakumuuliza kwa nini. Asili yake yeye ni watu wa Pate. Aliolewa Malindi, akafiwa na mumewe katika nyumba hiyo hiyo ya mtaa wa Shela, akaachiwa duka la vitu vya kale pamoja na maradhi aliyoambukizwa na marehemu, ya kupenda kitu kilichoshikwa na mikono mingi. Chini palikuwa pa kuuza. Ghorofani ndiko alikoweka asivyoweza kuachana navyo: masanduku yenye njumu, mapambo ya misumari ya shaba, sahani za ukutani za bibi zake, mbuzi ya kukunia nazi yenye kichwa cha ndege, mlango mzima uliookolewa katika nyumba iliyoanguka. Wageni wa hoteli walipoomba kupanda juu, aliwaambia ngazi ni mbovu.

Ngumbao alifungua magunia. Bi Hafidha alipoona ni nini, alirudi nyuma hatua moja.

"Nilikwambia nini kuhusu vitu hivi?"

"Uliniambia nisilete."

"Basi?"

"Mji wenyewe umehamwa, mama. Hakuna mtu, hakuna hata kuku. Mchwa wanakila. Nikikiacha, mvua ya mwakani itakuta vumbi."

Kilikuwa kigango. Kila aliyekulia pwani ile ajua kwamba kigango si sanamu ya kupamba nyumba. Husimamishwa kwa ajili ya mzee mkubwa aliyekufa, baada ya yeye mwenyewe kumjia mwanawe ndotoni na kulalamika kwamba ameachwa nje; na kikishasimamishwa hakiondolewi, hata ukoo mzima uhame. Bi Hafidha alikuwa ameviona kwa mbali, na mara mbili tatu aliletewa na watu akawafukuza mlangoni. Lakini hakuwa amewahi kuona kama hiki.

Kilikuwa kirefu kumpita, chembamba, cha mti mgumu ulioiva kwa jua na mvua hadi ukawa na rangi ya kijivu. Kichwa chake kilikuwa cha mviringo kama sahani, chenye matundu mawili ya macho na pua iliyochongwa kwa mstari mmoja. Kuanzia shingoni kushuka chini, mwili wote ulijaa pembetatu ndogo ndogo, nyingine zingali na chokaa, nyingine zikiwa na wekundu uliofifia. Karibu na kifua safu moja ilipinda kidogo, kana kwamba fundi aliitwa na mtu akageuza shingo, kisha akarudi kazini. Bi Hafidha alipiga magoti, akaupitisha ukucha wake juu ya mstari ule uliopinda. Alipoinamisha uso kunusa mti, kama alivyozoea, alipata harufu ya tembo la mnazi. Halikuwa la zamani. Mtu alikuwa amekimiminia kinywaji siku chache tu zilizopita.

Akatazama chini. Mguu wa kigango ulikuwa umekatwa kwa msumeno, na pale palipokatwa mti ulikuwa wa manjano mbichi.

Alijua. Tangu dakika ile alijua kwamba mji ule haukuhamwa, na kwamba ilimpasa amwambie Ngumbao akifunge na akirudishe. Alichosema ni, "Kipandishe juu, kabla watu hawajatoka msikitini."

*

Bi Hafidha alikiegemeza kigango ukutani, kati ya masanduku mawili, mahali ambapo mwanga wa dirisha ulikiangukia asubuhi. Hakukusudia kukiuza. Alijiambia kwamba yeye amekiokoa. Kwamba kingeishia sebuleni kwa mtu asiyejua hata jina lake, ng'ambo ya bahari, na hapa angalau kiko karibu na kwao. Maneno haya alijiambia mara nyingi, hasa alipokuwa akipanda ngazi.

Chumba kile ndicho alichokuwa akiswalia. Siku ya kwanza alikifunika kigango kwa kanga kuukuu, akaswali. Akajikuta anasikiliza nyuma yake, akasahau ni rakaa ya ngapi. Siku ya pili alikigeuza uso ukutani. Siku ya tatu alikunja mswala wake akauteremsha chini, dukani, akawa anaswali kati ya kabati la vioo na mitungi. Kanga aliiondoa, kwa kuwa ilikuwa haina kazi tena.

Kisha walikuja wadudu. Aliona unga laini wa mbao chini ya sanduku la kulia, akaufagia. Kesho yake ukawa chini ya masanduku yote mawili. Ndugu yake Uweis, ambaye ana pikapu ya kubebea barafu na samaki na hupita kwake kila alasiri kunywa kahawa, alipanda kumsaidia kusogeza vitu. Aliligonga sanduku moja kwa kifundo cha kidole, sauti ikatoka ya uwazi.

"Dada, sanduku hili la mama limekaa hapa miaka yote halina hata tundu," akasema. Akakitazama kigango. "Hiki umekitoa wapi?"

"Kimeletwa."

"Nimekuuliza kimetoka wapi, sikukuuliza kimefikaje."

Bi Hafidha alianza kulisogeza sanduku. Kigango chenyewe, walipokikagua, hakikuwa na tundu hata moja. Tangu siku hiyo Uweis kahawa yake aliinywea barazani.

*

Mwanamke wa Bofa alikuja siku ya Jumamosi. Alipiga hodi, akangoja aitikiwe, akavua viatu ingawa aliambiwa asivue. Alikuwa wa umri wa miaka thelathini na kitu, amevaa sare ya jikoni ya hoteli, vumbi la unga likiwa bado kwenye kucha zake.

"Shikamoo, mama. Naitwa Damaris Baya. Ninaoka mikate hotelini Bofa, lakini kwetu ni Ganze. Nimezunguka maduka yote ya vitu vya kale, Kilifi na hapa. Wewe ndiye wa mwisho."

Bi Hafidha alimkaribisha kiti, akammiminia kahawa na kumwekea kashata. Mkono wake ulikuwa umetulia, naye alishangaa ulivyotulia.

Damaris alitoa simu, akamwonyesha picha. Ilikuwa ya arusi: watoto wenye nguo mpya, mwanamke akicheka, na nyuma yao, ndani ya kijumba kidogo cha makuti, kichwa cha mviringo chenye matundu mawili.

"Huyu ni babu yetu, Mwaringa," akasema Damaris, akigusa kile kichwa kwenye kioo. "Mimi naenda kanisani, mama, simwagii mtu tembo. Lakini babu ni babu. Ameibwa. Na sasa watu wanasema aliyemuuza ni baba yangu."

"Baba yako mwenyewe, amuuze babake?"

"Ndivyo wanavyosema. Amewauzia wageni ili apate nguvu za kichawi. Tangu kigango kitoke, watoto wawili wameugua, kisima kimekauka, msichana mmoja ameumwa na nyoka. Kisima kile hukauka kila mwaka, mama, na nyoka hawajaanza leo. Ila sasa kila kitu kina mwenyewe, na mwenyewe ni baba. Kuna ndugu yetu mmoja amesimama mbele ya watu akasema alimwona akizungumza na wageni wenye gari. Vijana wameanza kupita uani petu wakipiga mbinja." Alikizungusha kikombe bila kunywa. "Wajua wanavyofanyiwa wazee wenye mvi huko kwetu wakishaitwa wachawi."

Bi Hafidha alijua. Pwani nzima ilijua. Juu ya vichwa vyao ubao wa dari ulitoa mlio mdogo, kama mbao zifanyavyo zikipata joto.

"Sitaki kumshtaki mtu," Damaris akaendelea. "Sitaki jina. Nataka kipatikane tu, baba apone. Hujaletewa kitu kama hiki?"

"La," akasema Bi Hafidha. "Hivyo mimi sivipokei. Waulize watu wote wa Shela, watakwambia nimewafukuza wangapi."

Na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilitoka kinywani kwa urahisi. Damaris alimshukuru, akamwachia namba yake ya simu. Kahawa aliimaliza kwa heshima. Mlangoni, akivaa viatu, aliuliza kama ile ngazi yaelekea vyumbani.

"Yaelekea juu," akasema Bi Hafidha. "Ni mbovu."

Alipobaki peke yake alipanda. Alikaa sakafuni mbele ya kigango hadi adhana ya alasiri, na hakukigusa. Mara kadhaa alishika simu. Alifikiri juu ya mzee asiyemjua, mwenye mvi, anayesikiliza mbinja uani. Alifikiri pia, na hili ndilo lililomtisha baadaye alipolikumbuka, juu ya ule mstari uliopinda kifuani, na kwamba hatauona tena.

*

Habari iliyofuata ililetwa na Uweis. Alikuwa amepeleka samaki Mariakani, na kwenye kituo cha malori alikaa na watu wa Ganze waliokuwa wakipakia mkaa. Aliingia dukani bila kuvua kofia.

"Kuna mzee wametia moto ghala lake la mahindi," akasema. "Wanasema ameuza kigango cha babake. Wamempa mpaka leo aseme kiko wapi. Dada, nitakuuliza mara moja tu."

"Usiniulize," akasema Bi Hafidha. "Lete gari nyuma."

Walikifunga kwa magunia yale yale, wakakilaza juu ya masanduku matupu ya samaki, na kukifunika turubai. Bi Hafidha alimpigia Damaris simu njiani. Alipanga maneno mengi, lakini Damaris alipopokea aliweza kumwambia tu, "Ninacho. Naja nacho," naye Damaris akasema kwa sauti kavu, "Fanya haraka, mama," akakata.

Waliiacha barabara ya lami, wakaingia ya vumbi. Mashamba ya mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa na urefu wa goti. Walipita wanawake waliobeba mitungi, na kila waliyemuuliza njia alitazama turubai kwanza kabla ya kunyoosha kidole. Walipokaribia, hawakuhitaji kuuliza tena, maana moshi wa ghala ulikuwa bado unapanda, mwembamba, wa bluu, wenye harufu ya mahindi ya kuchoma. Harufu ilikuwa nzuri, na Bi Hafidha alijifunika pua kwa leso.

Uani kulikuwa na watu wengi na kelele kidogo. Naibu wa chifu, waliambiwa, alikuja asubuhi akazungumza, kisha akaenda kutafuta askari. Katikati, juu ya kiti kifupi, alikaa mzee mwenye shuka begani na jeraha juu ya jicho. Huyo ndiye Mzee Baya. Alikuwa akiuliza, kwa sauti ya mtu aliyeudhiwa zaidi ya kuogopa, ni nani aliyechukua kikopo chake cha tumbaku. Damaris alisimama nyuma yake, mikono miwili juu ya mabega yake. Vijana waliwazunguka, wengine na mapanga ya kulimia, mmoja amekalia dumu la petroli kama mtu akaliaye kigoda.

Uweis alisimamisha gari. Bi Hafidha alishuka, akalivuta turubai mwenyewe.

Hapakupigwa kelele. Watu walirudi nyuma, kisha wakasogea, na wanawake wazee walifunika midomo. Wanaume wawili walikiteremsha kigango wakakisimamisha mbele ya mzee. Mzee Baya alinyoosha mkono akaugusa uso ule wa mbao kwa ncha za vidole.

"Baba," akasema, "umezunguka."

Walikipeleka hadi kijumba cha makuti kukirudisha mahali pake. Haikuwezekana. Kisiki cha mguu wake kilikuwa bado ardhini, kimekatwa sawasawa, na walipokiweka juu yake kiliyumba, kikateleza, mara moja, mara mbili. Mwishowe walikiegemeza kwenye nguzo ya kijumba, kikabaki kimeinama kidogo kama mtu aliyelewa. Ndipo kijana wa dumu alipoinuka.

"Wewe, mama. Nani alikuuzia?"

"Si mzee huyu," akasema Bi Hafidha. "Huyu namwona leo kwa mara ya kwanza. Naapa kwa Mwenyezi Mungu."

"Hatukukuuliza nani hakukuuzia."

Bi Hafidha alizungusha macho, na ndipo alipomwona. Alikuwa amesimama mstari wa mbele, shati jeupe limepigwa pasi, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa karibu sana na kijana wa dumu, kama watu waliokuja pamoja. Mwanamke mmoja kando yake alikuwa akimnong'oneza, akimwita kwa jina, "Ngumbao, si wewe ulisema ulimwona Mzee na wageni? Mbona huyu mama asema hivi?"

Yule ndugu mmoja aliyetajwa na Damaris. Bi Hafidha alielewa yote mara moja. Ngumbao hakutikisa kichwa wala hakukonyeza. Alimtazama tu, kwa adabu ile ile, kama anayengoja kuambiwa apeleke mzigo wapi.

Bi Hafidha alikuwa amekuja na ukweli. Njia nzima alikuwa ameubeba kando ya kigango, tayari kuutua. Sasa alitazama dumu, akatazama mapanga, akaona kwamba akilitamka jina lile hapa, mtu atakufa mbele ya macho yake kabla hajamaliza kulitamka, na kwamba mzee aliyekaa pale hatakuwa salama zaidi kwa damu hiyo.

"Mtu alikuja na gari," akasema. "Hakunitajia jina. Alikuwa mgeni."

Watu waliguna. Kijana wa dumu alitema mate. Lakini kigango kilikuwa kimerudi, na waliokuja kwa hasira walianza kuona aibu kutazamana. Walianza kuondoka wawili wawili. Damaris hakuondoa macho usoni mwa Bi Hafidha. Alikuwa ameshadanganywa na uso huo, akiwa na kikombe mkononi, na aliujua.

"Nipeni gari," akasema Mzee Baya. "Hapa silali leo. Na mtu anitafutie tumbaku yangu."

Ikakubaliwa kwamba aende Malindi akatibiwe jicho, akae kwa Bi Hafidha hadi mambo yatulie. Damaris angebaki na mamake na mbuzi. Bi Hafidha alipogeuka kumtafuta Ngumbao, shati jeupe halikuwapo tena.

*

Walikaa watatu mbele ya pikapu, mzee katikati. Walipita zahanati akashonwa, na muuguzi alipomuuliza amepatwa na nini, alisema ameanguka. Walipoingia barabara ya lami mzee alinusa tumbaku yake, iliyokwisha kupatikana, akapiga chafya, akasema, "Mama, ulimwona."

"Nani?"

"Yule uliyesema humjui."

Bi Hafidha alitazama mbele. "Nawe wajua?"

"Nilipita pale siku ile natafuta mbuzi. Nikasikia msumeno, nikadhani mtu akata fito. Akainua kichwa akaniona. Akasema, shikamoo, baba. Nikamwitikia. Kisha akaendelea kukata." Mzee alikifunga kikopo, akakifungua tena. "Ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea mimi. Nilikaa kila siku nangoja aseme mwenyewe. Siku aliposimama mbele ya watu nikashukuru, nikajua sasa atasema. Akasema ni mimi."

"Kwa nini hukumtaja?"

"Ukamtaja wewe?"

Uweis aliongeza mwendo.

Jua lilikuwa limelala magharibi walipoingia mtaa wa Shela. Majirani walikuwa barazani na kahawa zao, watoto wakicheza mpira kwenye kichochoro. Na mbele ya mlango wa duka, pikipiki yake ikiwa imeegeshwa kwa uangalifu kivulini, alikaa Ngumbao. Alisimama alipoliona gari. Alifungua mlango wa pikapu kabla ya Uweis kuzima injini, akampa mzee mkono kumteremsha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema Mzee Baya.

"Pole kwa jicho." Kisha akamgeukia Bi Hafidha, akashusha sauti. "Umefanya vyema, mama. Sikutarajia. Sasa mimi na wewe tuko pamoja." Na kwa sauti ya kawaida, ya kusikika na majirani, "Nimekuja kumchukua baba. Nimepanga chumba Mariakani. Atakaa nami, mbali na maneno ya watu. Si vizuri mzee wetu kulelewa na watu baki."

Bi Hafidha alimtazama mzee, akitegemea atakataa. Mzee Baya alikuwa ameshaanza kulikunja shuka lake. Uso wake ulikuwa umetulia kama uso wa mtu aliyengoja sana kwenye foleni na sasa zamu imefika.

"Ni mtoto wangu," akasema. "Nitakwenda naye."

Ngumbao alimshika mkono, juu ya kiwiko, kwa upole.

Bi Hafidha alitoa simu akampigia Damaris. Alisimama katikati ya kichochoro, mbele ya baraza, na alipoongea alipaza sauti ili kila mtu asikie, maana alijijua, na alijua kwamba akiingia ndani na kufunga mlango hatasema kamwe.

"Damaris, ni Hafidha. Nilikudanganya ulipokunywa kahawa yangu, na leo nimewadanganya nyote. Aliyekata kigango cha babu yenu na kuniletea ni Ngumbao. Yuko hapa mbele yangu, anataka kumchukua baba yako Mariakani. Simruhusu."

Muuza kahawa alibaki na dele limeinama hewani. Mkono wa Ngumbao uliachia kiwiko cha mzee, kidole kimoja kimoja.

Kwenye simu Bi Hafidha alisikia kelele ya watu, wengi, karibu sana. Walikuwa wamerudi kumzunguka Damaris, na simu yake ilikuwa imefunguliwa spika, kwa kuwa wote walitaka kusikia kama mzee amefika. Sauti ya kijana ikauliza, "Amesema nani?" Nyingine ikajibu. Kisha zikaja nyayo zikikimbia, na Damaris akipiga ukelele, "Hapana, ngojeni, ana mke na watoto mle ndani," na laini ikakatika.

Ngumbao alisikia yote. Alisimama kama anayejaribu kukumbuka kitu. Kisha alivaa kofia yake ya pikipiki, akaifunga kamba kidevuni bila haraka.

"Hukunitendea vyema, mama," akasema. "Na mimi hapa kwako napajua."

Akaondoka. Walimsikia akifika njia panda, lakini kelele za magari zilikuwa nyingi, hawakuweza kujua alielekea wapi, nyumbani au kwingine.

*

Nyumba ya Ngumbao iliteketea jioni ile. Mkewe Pola na watoto walitolewa kwa mlango wa nyuma na Damaris mwenyewe, wakakimbilia kanisani. Ngumbao hakuonekana, si kwao, si Mariakani. Askari walikuja dukani wakamhoji Bi Hafidha siku nzima, naye aliwajibu yote waliyomuuliza na mengine wasiyomuuliza, na sasa angoja kuitwa mahakamani. Pikipiki ilipatikana imeachwa kando ya barabara, haina mafuta. Hilo tu ndilo lililopatikana.

Damaris alikuja mara moja, akamletea babake nguo. Hakuvua viatu. Alisema kigango kingali kimeegemea nguzo, kwamba wazee wameshindwa kuafikiana la kufanya, na kwamba hakuna mtu anayependa kupita pale.

Mzee Baya amebaki Shela, katika chumba cha chini. Bi Hafidha amewaambia mafundi wayachome masanduku yaliyoliwa, na ghorofani hapandi tena. Mlango wa duka siku hizi hufungwa kwa komeo hata mchana, na mteja hujitaja jina kwanza. Kila pikipiki inapopunguza mwendo nje, wote wawili huacha walichokuwa wakifanya.

"Amepatikana?" mzee huuliza asubuhi, mkono ukiwa juu ya kikopo chake.

"Bado," husema Bi Hafidha, na kummiminia chai.

Mzee hutikisa kichwa, hunywa. Mara nyingine husema, "Alhamdulillahi," neno aliloliokota mle nyumbani, na Bi Hafidha hajathubutu kumuuliza ashukuru nini.